Mate ya Mama

Mdogo wangu alivimba taya msimu wa kuvuna mpunga, kule Lupiro. Tulidhani ni jino. Tulipomfikisha hospitali Ifakara, daktari alisema ni saratani, akatueleza taratibu. Kirusi kinachoambukizwa kwa mate kiliingia kwenye chembe nyeupe za damu yake, kikazizuia zisife wakati zilipopaswa kufa. Malaria za mara kwa mara zikazichochea ziongezeke, mpaka vinasaba vya chembe mojawapo vikakatika na kuungana mahali pasipo pake. Tangu hapo chembe hiyo ikawa inagawanyika bila kukoma.

Mama alishika neno moja tu, mate. “Daktari, nilikuwa namtafunia wali.”

“Mama, karibu sote tunacho kirusi hicho, hata mimi. Kwa wengi kinalala tu mwilini.”

Mdogo wangu alifariki kabla ya mvua za vuli.

Sasa nina mtoto, na mama anaishi nasi mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara. Anambeba mgongoni kutwa, lakini hakubali kula naye sahani moja. Nikimwambia hakuwa na kosa, hujibu, “Najua, mwanangu,” kisha hukiosha tena kijiko cha mtoto, ingawa ni kisafi.