Sponji Bila Gunia

Enzi zetu pale mtaani Mbotela, kiti cha gari hakikutengenezwa kwa macho. Baba yangu alikuwa fundi wa viti, na kazi aliifanyia mlangoni petu. Kiti kikibonyea, alikivua kava, akang'oa sponji iliyooza, akakata kipande kipya kwa kisu cha mkate alichochovya kwenye maji ya sabuni. Ukingo aliukata kwa mshazari, ili gundi ikishika usisikie kiungo. Lakini kwanza, juu ya springi, alitandika gunia. "Springi zina meno," alikuwa akituambia. "Usipozitandikia, zitatafuna sponji."

Akimaliza, anatuita sisi watoto. Tunafunga macho, tunakaa mmoja mmoja, harufu ya gundi inatuwasha pua. "Panauma wapi?" Ukionyesha mahali, anafungua upya, hata mwenye gari awe amesimama pale ananuna. Siku moja kakangu alidanganya kwamba pako sawa ili akimbilie mchezo wa bano, gololi zake. Baba akakaa mwenyewe, akainuka, akamwita. Huyo kaka alikalia lile bonde la kiti mpaka chai ya jioni.

Sasa binti yangu Mwende anaendesha teksi. Kiti kilibonyea upande mmoja, mgongo ukamuuma hata kumbeba mtoto wake akashindwa. Akakipeleka kwa fundi wa hapa mtaani. Kikarudi kinang'aa kama kiatu cha harusi! Wiki mbili, Mwende anatembea amejipinda. Nikamwambia, twende.

"Fungua nione," nikamwambia fundi.

Ndani kulikuwa na sweta kuukuu na vipande vya godoro, vimesukumwa tu. Gunia hakuna. Springi zimeshatafuna.

"Lakini shosho," fundi akaniita kama bibi yake, "kava ni poa. Watu huangalia nje. Hakuna mtu hufungua."

"Mimi nimefungua. Wewe umewahi kukikalia?"

"Sina gari, shosho."

"Nimekuuliza gari? Kaa!"

Akakaa. Akajisogeza kidogo. Akainuka akijishika kiuno.

Sikutoka pale mpaka akatandika gunia na kukata sponji nzima. Mwende leo anambeba mtoto wake. Lakini moyo wangu haujapoa. Hawa mafundi wa siku hizi wana cherehani za umeme, wana picha za kazi zao kwenye simu, na aibu hawana. Enzi zetu mteja akirudisha kiti, baba hakugusa chakula siku hiyo. Huyu alitupungia mkono akicheka: "Karibuni tena!"