Moshi wa Kufukuza Mbung'o

Mvua zikianza, mfugaji mwenye akili haachi ngamia karibu na Mto Tana. Vichaka vya ukingoni hujaa mbung'o, na mbung'o humla ngamia taratibu mpaka nundu inalala kama mfuko mtupu. Sisi kila mwaka tulihamia nchi kavu kabla mawingu hayajafunga. Lakini mwaka ule wa vita askari walitufungia ndani ya ua wa miiba upande wa Balambala, hapo hapo mtoni, wakasema atakayetoka bila ruhusa ni shifta, mwasi wa kupigwa risasi.

Nilikuwa na ngamia mmoja tu wa kukamua. Homa ilikuwa imenikausha maziwa, na mtoto wangu wa kwanza, hata meno hajaota, aliishi kwa maziwa ya ngamia yule.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alikusanya samadi, akawasha moto wa moshi upande upepo unakotoka. Ngamia, aliyeijua kazi ya moshi kuliko serikali, akaenda mwenyewe kusimama ndani yake. Mbung'o wakatawanyika.

Askari mmoja wa kutoka bara akaja mbio.

"Zima! Mnamwita nani na moshi huu?"

"Afande, hii moshi hakuna kuita mtu," mama mkwe alisema. "Ni ya mainzi. Bole bole, tazama ngamia. Wallahi."

"Inzi? Mnanifanya mtoto?"

Akautawanya moto kwa buti. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na sikuona aliyepona. Nilimchukia, na mpaka leo namchukia.

Tulishinda tukipunga matawi juu ya mgongo wa ngamia. Mikono huchoka, mbung'o hawachoki. Akakonda, macho yakamchuruzika machozi, maziwa yakapungua hadi yakakatika, mtoto akabaki na uji wa maji. Mvua zilipokwisha hakuweza kusimama, na mume wangu akamchinja asije akafa kibudu.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alitia kaa la mti wa kunukia ndani ya chombo chetu cha maziwa, akakifukiza, kama alivyofanya kila siku kabla ya kukamua. Sijui alisahau, au mikono ilikataa kuacha. Moshi ule mdogo hakuna askari aliyeukataza.

Mtoto, aliyekuwa akilia njaa tangu alfajiri, aliunusa, akanyamaza, akafungua kinywa.