Mkwe Wangu na Mto wa Sufi

Jamani, aibu hii naisema mwenyewe kwa kinywa changu, maana kule Muheza wameshaitia chumvi mpaka nikiisikia siijui, wengine wanasema nilikuwa nimelewa (mimi, ambaye hata tembo la mnazi sijalionja!), wengine wanasema nilifanya kusudi. Sikulewa wala sikukusudia. Nilikuwa na adabu tu, adabu iliyopita kipimo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi katika karakana ya shamba moja la mkonge huko Pongwe, na nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyoinunua kwa bwana mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mimi nina ugonjwa mmoja tangu utoto, kila kitu nataka kujua kwa nini. Pikipiki ile nilikuwa naifungua, naitandaza kwenye mkeka, nachungulia kila tundu, kisha nairudisha, na mara nyingi hubaki skrubu moja ambayo hata sijui ilitoka wapi. Mke wangu Zaina alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake Muheza, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na huyo mama, mkwe wangu, alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba mjukuu wake wa kwanza atampokea yeye kwa mikono yake mwenyewe, hataki mwingine amtangulie.

Basi asubuhi moja dereva wa lori akanipitia karakanani. "Fundi, mkeo kashikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mama mtu yuko Tanga kwenye hitima, kwa kaka yake. Basi la kurudi ni jioni. Wamesema umfuate wewe."

Nikaomba ruhusa, nikaruka juu ya pikipiki, mbio mpaka Tanga. Nilipofika nikachutama mlangoni, uso chini, "Shikamoo, mama," na sauti ikajibu kutoka nyuma ya pazia, "Marahaba." Si mnajua mambo ya mkwe? Humtazami usoni, humgusi, humwiti kwa jina (na hapa pia hamtalisikia). Sasa mtu ambaye humgusi wala humtazami unampakiaje kwenye pikipiki?

Kaka yake, Mzee Kombo, akasema, "Dada, mshike kiunoni, barabara mbovu hiyo."

"Nimshike mkwe wangu kiunoni? Kaka, wewe mzima?"

Ukaletwa mto wa sufi, ukafungwa kwa leso nyuma yangu, uwe ukuta kati yetu. Mama akakaa upande, akashika chuma cha keria, akasema, "Kaka, mwambie nikitaka asimame nitagonga madigadi mara mbili." Mzee Kombo akaniambia, ingawa masikio ninayo, nami nikamjibu Mzee Kombo, "Mwambie nimesikia." Kisha nikaona kioo cha pembeni kinanionyesha ushungi wa mama. Nikaona vibaya, nikakigeuza kikatazama chini. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mpaka Pongwe tulikwenda salama. Kupita Pongwe barabara ikawa matuta matupu, na madigadi ile ikaanza kujigonga yenyewe, si mara mbili, mara mia mbili, basi ningejuaje? Penye daraja dogo tukaruka juu, tukatua, na toka hapo pikipiki ikawa nyepesi ajabu, kilima inakipanda kama haikioni. Nikajiuliza, kwa nini? Labda ni kabureta niliyoisafisha juzi. Labda ni petroli, ilitoka kwenye pipa jipya. Au upepo? Nililichunguza jambo lile maili nzima, nikakata shauri kwamba ni kabureta, nikajisifu moyoni, nikaongeza moto. Mto ulikuwa unanigusa mgongo vilevile, nami nikasema, mama katulia, mstaarabu huyu.

Nikaingia Muheza kwa honi, nikasimama mbele ya nyumba. Wanawake wamejaa barazani, wamenyanyuka wote. Sikushuka, sikugeuka, nikainamisha kichwa ili mama ashuke kwa heshima yake.

"Mpokeeni mama," nikasema.

Bi Saumu, shangazi yake Zaina, akauliza, "Mama yupi?"

"Huyo nyuma yangu, msaidieni, amechoka."

"Baba," akasema Bi Saumu taratibu, "huu ni mto."

Mmoja akaanza kucheka, wakaangua wote, na humo humo ndani nikamsikia Zaina akilia, "Mama kafika? Mama kafika?" Kicheko kikakatika. Jamani, sijapata kuona haya vile, wala kuogopa vile.

Nikageuza pikipiki, nikarudi kumtafuta mama, mwendo wa wazimu. Sikufika mbali. Penye kona yenye mchanga gurudumu la mbele likateleza, nikarushwa shimoni, na nilipotaka kuinuka mfupa wa mtulinga, hapa begani, ukalia kwa ndani. Foko ya pikipiki, ile inayoshika gurudumu la mbele, imepinda. Niko palepale nagugumia, likatokea lori tupu la machungwa likirudi kutoka Tanga, na ndani, kando ya dereva, amekaa mkwe wangu.

Akashuka akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba, buibui jekundu kwa vumbi. Akaja mpaka niliko, akanishika bega lililo zima, akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. "Umeumia wapi, mwanangu?"

Na mimi, badala ya kusema wahini nyinyi, Zaina anakulilia, nikasema, "Pikipiki, mama. Tusiiache pikipiki."

Dereva na wapita njia wakahangaika kuipandisha, inateleza, wanaanza upya. Mama kasimama kwa mguu mmoja anasubiri. Hakuninyima hata hilo.

Tulipofika karibu na nyumba tukasikia vigelegele. Sote tulijua maana yake. Nikamtazama mama, yeye kafumba macho.

Fundi wa mifupa alinifunga mkono wiki sita. Foko iliagizwa kwa meli, ikala mishahara yangu ya miezi mitatu, na hata baada ya hapo pikipiki ilikuwa inavuta kushoto (kwa nini, sijagundua mpaka leo). Lakini hayo yalipita. Lisilopita ni jioni ile, nimelala chumba cha pili, nikamsikia Bi Saumu anamuuliza mama mbele ya wanawake wote, "Hivi huyu mkweo alikuangushaje?" Na mama, mguu umefungwa majani, kampakata mjukuu aliyekwisha kuoshwa na kuvishwa na wengine, akajibu, "Hakuniangusha. Nilishuka mwenyewe, nilitaka kunyoosha miguu." Nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikalia.

Basi niliapa, nikimpakia mtu, awe nani, nageuka namtazama, tuoneane haya lakini tufike wote. Na kama lori lile lingesimama tena leo, ningempungia dereva mkono apite na mama, aniache palepale na chuma changu.