Kitambaa cha Japani

Baada ya vita vya pili, kitambaa cha Japani kiliadimika dukani kwetu Tororo. Mume wangu alikuwa akikiuza tangu kabla hatujaoana, nami nilikishona barazani kuwa magauni ya wanawake waliokuja kwa miguu kutoka Kisoko. Sasa walishikashika kitambaa cha Uingereza, wakauliza bei, wakakirudisha. Wengine walirudi na gauni lile lile la zamani nilitie kiraka kingine.

Mume wangu aliomba leseni ya kuagiza mzigo Japani. Akakataliwa. Akaomba tena, akaambiwa angoje, na akangoja mpaka watu wakaacha kumuuliza.

"Mama watoto," akaniambia siku moja, "sisi hapa Uganda ni himaya ya Mwingereza. Kenya ni koloni. Huenda sheria yao ni nyingine. Nakwenda Kisumu kuuliza."

"Basi twende wote," nikasema, maana kifua kilikuwa kikimsumbua.

Tulipanda lori la mfanyabiashara mwenzake. Pale Busia tulivuka mpaka bila kuulizwa mzigo wala safari, na hilo lilimpa moyo. Alizungumza njia nzima. Kisumu tulikaa kwenye benchi la ofisi ya biashara tangu asubuhi. Tulipoitwa, tulimkuta Mzungu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho.

"Himaya au koloni, katika jambo hili ni mamoja," akasema kwa Kiswahili kizuri. "Mapatano ya biashara na Japani, yanayoweka kikomo cha mizigo ya huko, yanatiwa saini London. Yakishatiwa, yanawafunga wote walio chini ya London."

"Na sisi nani alituuliza?"

"Hata mimi sikuulizwa, mzee."

Hakusema kwa dharau. Angetutukana, pengine ningepata nguvu ya kukasirika.

Kurudi, mume wangu alikohoa njia nzima. Nikamshika mgongo kila lori liliporuka. Mwezi uliofuata tulijaza rafu chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nikaanza kushona sare za shule, kaki tupu, kutwa nzima.

Miaka ikapita, masharti ya leseni yakalegezwa. Jirani yetu alikuja mbio kumwambia mume wangu, akamkuta kitandani.

"Nenda kaombe wewe," mume wangu akamjibu, akageukia ukutani kuendelea kulala.

Sikumwamsha.