Bobini ya Mwisho

Mtaani walimwita Redio, kwa sababu fundi huyo akiketi kwenye cherehani, mdomo ulikwenda mbio kuliko mguu. Habari zote zilipitia dirishani kwake, na nyingine, tuseme ukweli, alizitunga papo hapo. Kisha maradhi yakaingia, yakamchukua mkewe. Akazikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki, Redio akitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Hakulia. Watu wakasema amejikaza kiume. Uongo mtupu! Hakuwa na kitu cha kukaza. Ndani alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini hauusikii.

Akawa anashona barakoa tu, kutwa kucha. Mashine ikilia, kichwa kinanyamaza.

Bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini wa cherehani, alikuwa akijaziwa na mkewe, ambaye alizipanga kwenye kopo kila asubuhi. Redio, fundi mzima, hakuwa amejaza hata moja tangu aoe. Sasa koponi ilibaki moja.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa muuguzi, na barakoa zilikuwa za zahanati yake. Siku moja alirudi na mfuko wa barakoa, akasimama nje ya dirisha.

"Shemeji, ndiyo nini hii? Nimevuta kamba, yote imefumuka. Na mgonjwa ananikoholea usoni!"

Redio akaigeuza barakoa. "Uzi wa chini uliisha."

"Ukaendelea kushona?"

"Mashine ilikuwa inalia."

Shemeji akachungulia kopo. "Si hii hapa bobini?"

"Hiyo hapana. Hiyo kaijaza yeye. Nikiimaliza, na yeye kaisha."

Shemeji akauweka mfuko chini. "Dada alijaza ili ushone, hakukuachia pambo. Mimi kesho naingia wodini. Nivae nini?"

Redio aliitoa ile bobini, akaipachika mashineni, akashona. Hakusikia uchungu, hakusikia chochote. Alikuwa bado kwenye barakoa za mwanzo mashine ilipokwama. Akafungua chini, akakuta fundo: uzi mweupe umeungwa na wa bluu. Mkewe hakujua kutupa kipande cha uzi, na kwa mafundo hayo waligombana tangu ujana.

"Wewe mama!" Redio akafoka, uso kaugeuzia jikoni kama zamani. "Mafundo yako haya yataniulia mashine!"

Jikoni pakawa kimya. Redio alibaki ameukodolea macho mlango, akisubiri ajibiwe. Ndipo machozi yakamtoka, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Shemeji, asiyeruhusiwa kumkaribia kwa hofu ya maradhi, alishika nondo za dirisha akalia naye.

Baadaye sana Redio alipenga kamasi, akaokota bobini moja tupu kati ya zile zilizokwisha zamani, akaigeuzageuza.

"Shemeji," akasema, "hivi hii inajazwaje?"