Siku Niliyoitikia Marahaba Uani kwa Mama

Aibu hii nimeinyamazia kwa miaka kadhaa, ingawa kunyamaza kwangu hakujasaidia kitu, maana mtaa mzima wa Rahaleo unaijua, Mikindani wanaijua, na hata wapakiaji wa korosho pale bandarini wanaijua, kwa sababu mmoja wao aliwahi kuniuliza mbele za watu, tena kwa upole kabisa, kama jino langu limepona. Basi bora niisimulie mwenyewe, kwa mpangilio, kuliko kuendelea kuisikia kwa watu ikiwa imetiwa chumvi.

Wakati ule nilikuwa nakaa Rahaleo na mama yangu, Bi Zuhura (Mungu amrehemu), na kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo kwenye redio ndogo ya pale mjini: mnada wa korosho, mbuzi waliopotea, na zaidi ya yote matangazo ya vifo, ambayo niliyasoma kwa sauti nzito ya polepole mpaka ikafika mahali watu wakinisikia sokoni naulizia bei ya muhogo wanageuka kutazama nani kafa. Iwekeni akilini hiyo sauti.

Nje ya kazi nilikuwa na ugonjwa mmoja, kupiga picha ndege wa uani. Sikwenda porini wala kwenye mikoko ya Ruvuma. Ndege wangu wote walikuwa wa pale kwa mama, kati ya mpapai, mnazi, mkorosho mmoja mzee na ua wa michongoma uliotutenga na jirani yetu Mama Chiku. Nilikuwa na kamera niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, na nilijipangia kuwapiga picha ndege hao mwaka mzima, msimu kwa msimu, ili nione nani anakuja na nani anaondoka. Mvua zikianza, minana walivaa manjano yao na kuchana majani ya mnazi kujengea viota, mama akilalamika kwamba mnazi wake umenyolewa bila idhini. Kusi likivuma, na asubuhi zikawa za kujikunyata, mkorosho ulitoa maua na chozi wakaja, vindege vidogo vinavyometameta, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Kisha mabibo yakaiva, uani kote kukanuka ule utamu mkali, na shore wakayadonoa wakiwa wanapiga kelele kama watu waliolipia. Na joto la kaskazi liliwaleta keremkerem, wakajipanga kwenye waya wa umeme kungoja nyuki.

Wote hao niliwapata. Aliyenishinda ni dudumizi.

Dudumizi mnamjua, huyo ndege wa kahawia anayelia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na akilia wazee wanaanua muhogo wao maana mvua imekaribia. Kumsikia kila mtu anamsikia. Kumwona ni kazi, maana anatembea chini chini vichakani kama mtu anayekwepa wageni. Wetu alikaa kwenye michongoma, na alitoka pale tu mama alipokuwa anaosha vyombo, kwa sababu maji ya vyombo yalilowesha ardhi na konokono wakatoka. Mama akiosha sufuria, yeye anakula konokono, hata hawatazamani. Mimi nikichungulia tu dirishani, hayupo.

"Unamkodolea macho," mama aliniambia. "Mimi simwangalii. Nani anapenda kuangaliwa akila?"

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, na nikafikia hitimisho ambalo wakati ule niliona ni la kitaalamu: dudumizi hamwogopi mtu anayekaa chini, aliyejifunika kanga. Mnaona linakoelekea.

Sasa kabla ya kufika kwenye kanga niwaambie kilichokuwa kinanikosesha usingizi siku zile. Nilikuwa nimepeleka posa Mikindani, kwa kina Somoe. Somoe alikuwa anauza vitambaa karibu na stendi, na nilikuwa nimenunua kwake vitambaa vya kutosha kuvika msikiti mzima kabla sijapata ujasiri wa kusema neno. Yeye alikubali. Baba yake akasema wapewe muda waulizie. Muda ukawa mrefu, na Somoe akaninong'oneza kwenye simu kwamba nyumbani kuna maneno: wamesikia kijana ana kasoro ya kichwa, anashinda uani anavizia vichaka. Hatima yangu ilikuwa mikononi mwa shangazi yake, Bi Hadija, ambaye neno lake ndilo linalofuatwa katika ukoo ule, na ambaye nilikuwa sijawahi kumtia machoni.

Jumamosi moja mwishoni mwa msimu wa korosho, mawingu yamejaa, joto la kukunja ngozi, dudumizi akaanza kulia. Mama alikuwa amekwenda kumtazama mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwaga maji penye karo, pale mama anapooshea vyombo, nikavaa bukta yangu ya kulalia (joto, jamani), nikajifunga kanga moja ya mama kiunoni na nyingine nikajitanda kichwani mpaka ndevu zikapotea, nikaketi juu ya mbuzi, kile kibao chake cha kukunia nazi, kamera, mkanda wake shingoni, nimeipakata ndani ya kanga. Na kweli, hazikupita dakika nyingi, michongoma ikatikisika, akatokeza kichwa. Jicho jekundu. Moyo wangu ukawa unapiga kama wa mwizi.

Ndipo mlango wa uani, ule unaotazama kichochoroni, ukasukumwa.

"Hodi humu! Shikamoo, bibi."

Ningesimama pale pale nikasema mimi Mfaume, mambo yangeishia kwenye kicheko kidogo. Lakini dudumizi alikuwa ndiyo kwanza anatoa mguu, na nikajiambia, huyu ni mpita njia, nimwitikie tu apite.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti nyembamba niliyoitoa sijui wapi.

Hakupita. Akaingia, mama mnene wa makamo mwenye baibui jeusi, akavuta kigoda, akaketi ubavuni kwangu akihema.

"Mbona sauti hivyo, bibi, unaumwa?"

"Jino," nikasema, nikaibana kanga mdomoni.

"Pole. Jino ni mtihani. Na hicho unachopakata?"

"Redio."

"Aa. Basi mie natoka Mikindani, bibi yangu, nina jambo naulizia, nimeona nikizunguka huku nyuma kwa majirani ndiyo nitaambiwa kweli. Kuna kijana wa Bi Zuhura, Mfaume. Nyumba yao nadhani ni hii ya mbele yenu, mlango wake uko barabarani. Kaposa kwa kaka yangu."

(Nyumba ya mbele yetu! Mlango wa barabarani ni wetu na wa kichochoroni ni wetu, lakini mgeni atajuaje?) Nilikuwa nimekaa na Bi Hadija mwenyewe, goti kwa goti.

"Eti anapiga picha ndege," akaendelea. "Ndege gani, wa kula?"

"Wa kutazama."

"Wa kutazama tu? Makubwa! Na akishawatazama?"

"Anawapanga. Kwa misimu."

Akajipangusa uso kwa ncha ya ushungi. "Mvivu?"

Hapa niseme ukweli: nafasi ya kujisifu ilikuwa mbele yangu, wazi, haina mlinzi. Lakini kazi yangu ni kutangaza jambo kama lilivyo, na ulimi ukishazoea hivyo haugeuki haraka.

"Kiasi," nikasema. "Kuni mama yake humwambia mara mbili."

"Anasali?"

"Anasali."

"Alfajiri?"

Dudumizi alikuwa amefika karoni, ameshika konokono.

"Alfajiri anajitahidi."

Bi Hadija akacheka mpaka akanipiga bega. "Wee bibi mkweli! Wote niliowauliza wamemsifu mpaka nikaingiwa na shaka. Na mama yake je, mkali?"

"Mama yake," nikasema, na sauti ikataka kunitoka nzito, "mama yake hana mfano."

Nadhani hilo lilimgusa, maana akalegea kabisa, akajipepea kwa mkono. "Ah, na joto hili! Ngoja nilivue hili baibui nipate hewa, si tuko wanawake watupu," na mkono wake ukaenda kwenye pini ya ushungi.

Ndugu zangu, kuna mambo unayaendesha na kuna mambo yanafika mwisho. Mwanamke wa watu, shangazi wa mchumba wangu, anataka kujifunua mbele ya mwanamume asiye wake kwa sababu yangu. Nikainuka kwa nguvu na kusema kwa sauti yangu yenyewe, ile ya redioni:

"Shangazi, usivue!"

Meno ya mbuzi yakawa yameishika kanga ya kiunoni, nilipoinuka ikabaki chini na mlio wa kuchanika, ya kichwani ikaruka, nikabaki nimesimama na bukta na ndevu, kamera inaning'inia shingoni, kitufe kimekwama, inapiga picha yenyewe, kacha kacha kacha. Dudumizi akaruka. Bi Hadija naye akaruka.

"Mwizi! Jamani, mwanaume! Mwanaume uani!"

Kelele ya mwizi Rahaleo haihitaji kurudiwa. Kichochoro kikajaa, bodaboda wakaacha pikipiki zao, mmoja ana fimbo. Kilichoniokoa ni kichwa cha Mama Chiku kilichotokea juu ya michongoma, na sauti yake ya Kimakonde isiyohitaji kipaza sauti:

"Acheni! Sauti hiyo naijua, ndiyo inatangaza misiba! Huyo Mfaume! Mfaume, ntoto weye, umevaa nini?"

"Napiga picha dudumizi," nikasema.

Walicheka. Sijawahi kusikia watu wanacheka vile, kijana mwenye fimbo alikaa chini kabisa. Ni Bi Hadija peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amejishika kifua, ananitazama, na nikaona jina langu linamfikia taratibu.

"Mfaume ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, shangazi. Nisamehe."

Hapo mama akatokea mlangoni. Akatazama watu, akanitazama mimi, akaokota kanga yake iliyochanika na kuipima kwa macho. Ilikuwa ya doti aliyoletewa na baba yangu. Hakusema kitu juu yake. Alinirushia ile nzima nijistiri, akamgeukia mgeni kana kwamba hakuna jambo. "Karibu, dada yangu. Umeshakula?"

Bi Hadija alisema hana hamu.

"Ndege wake hawamtaki," mama akamweleza kwa upole akimsindikiza. "Wananitaka mimi. Ndiyo maana kanivaa."

Siku zilizofuata sikutoka ila kwenda kazini. Nikisoma tangazo la kifo, nilijua kuna nyumba zinacheka, na hilo liliniuma kwa ajili ya wafiwa. Watoto walinisalimu shikamoo bibi. Somoe hakupokea simu. Nikamwambia mama akate tamaa, nyumba ile nimeipoteza, tena kwa picha ambayo hata sikuipata. Mama alikuwa anaosha vyombo. "Ngoja," alisema tu.

Kisha Somoe akapiga mwenyewe. Alianza kucheka kabla ya salamu, nikajua nimepona.

"Shangazi amemwambia baba hivi: mtu alikuwa na nafasi ya kujisifu, anasikilizwa, hajulikani, na bado kasema alfajiri anajitahidi. Na kasema, angekuwa mtu mbaya angeniacha nivue."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamekubali. Ila shangazi ana sharti."

"Sharti gani?"

"Alfajiri."

Nimeishi na sharti hilo mpaka leo. Na asubuhi moja ya mvua, nikirudi msikitini, nilimkuta dudumizi juu ya michongoma, ametandaza mbawa zake zilizolowa kungoja jua, hajifichi, hana haraka. Kamera ilikuwa ndani. Nikasimama nikamtazama tu, halafu nikakumbuka maneno ya mama, nikaangalia pembeni.

Picha zilizojipiga siku ile ninazo. Nyingi ni za ardhi na kidole gumba cha mguu wangu. Moja ina ncha ya bawa la kahawia pembeni, linatoka, na katikati yote ni kanga ya mama iko hewani, imefunguka, maua yake mekundu yanaonekana moja moja. Nimeiweka ya kwanza kabisa, kabla ya misimu yote. Kanga yenyewe iliishia kuwa nepi za mwanetu, na mama hayupo tena, na pale karoni sasa anaosha vyombo Somoe, na dudumizi (sijui ni yule au mwanawe) ameanza kumzoea.

Nimeapa kwamba kanga sitaivaa tena, na kwamba salamu isiyo yangu sitaiitikia maisha yangu yote. Kiapo cha kwanza nimekitimiza. Cha pili kinanishinda, kwa sababu kila Bi Hadija anapokuja kututembelea hapiti mlango wa barabarani, anazunguka kichochoroni, anasukuma mlango wa uani na kuita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mama Chiku, "Hodi humu! Shikamoo, bibi!" na uani panakuwa kimya kidogo, mahali pale mama alipokuwa anakaa, mpaka inabidi mtu aitikie. Basi naitikia.