Folda Aliyoifungua Anatory

Evarista wa Mbuba hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka ule wa kuwarudisha Warundi kwao, mkuu wake Anatory, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Lukole, alimfukuza kazi kwenye redio ya upepo. Kwenye redio, jamani! Chaneli moja inayosikika Lukole, Benaco, Ngara mjini, mpaka kwa madereva barabarani. "Evarista ameharibu funguo za seva kwa makusudi. Asionekane ofisini." Jumapili, kanisani Nyamiaga, watu walimpisha kwenye benchi kana kwamba ana upele.

Kisa chenyewe ni hiki. Kompyuta za Lukole ziliingia kwenye seva ya Ngara mjini kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, bila nenosiri. Faili moja la ufunguo linakaa Lukole, lingine, pacha wake, linakaa kwenye seva, yakilingana, unaingia. Sasa seva ilikataa kila ufunguo, majina ya familia za kupanda malori yakakwama humo, na watu wamekalia mizigo yao juani.

Telesfori, opereta wa redio wa Ngara, ndiye aliyetumwa kumleta, maana hakuna mwingine aliyeijua seva ile. Evarista alivaa kitenge cha sikukuu, akakaa mbele ya seva, akaomba redio. Telesfori akamkumbusha kuwa simu ya setilaiti ipo, waongee faragha.

"Alinifukuzia hapa," alisema Evarista. "Tutaongelea hapa hapa."

Akabonyeza kitufe. "Shikamoo, mkuu. Ova."

"Marahaba. Fanya haraka. Ova."

Alimuuliza kama faili la ufunguo lipo, kama jina la kuingilia ni lile lile. Lipo, ni lile lile. Akafungua kumbukumbu za seva, na jibu lilikuwa pale. Ufunguo ni mzima, ila folda unamokaa imeachwa wazi, yeyote anaweza kuandika humo, hata kupachika ufunguo wake. Seva haiamini folda ya namna hiyo. Dawa ni amri fupi tu. Evarista hakuiandika. Alikuwa na hasira, na siku hiyo hasira ilimkaa vizuri.

"Mkuu, kabla seva haijagoma, uligusa nini kwenye folda ile? Ova."

"Niliifungua kwa wote, wafanyakazi wasisumbuke kuomba ruhusa. Ova."

"Sijakusoma. Nani aliifungua? Ova."

"Mimi. Ova."

"Mimi nani, mkuu? Chaneli hii ina watu wengi. Ova."

"Mimi, Anatory. Siyo Evarista. Ova."

Dereva mmoja wa njia ya Benaco akacheka, kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Ndipo Evarista akaandika amri yake, folda ikabaki kwa mwenyewe tu.

"Jaribu sasa. Ova."

"Imekubali." Sauti ya Anatory ilikuwa imeshuka kabisa. "Basi kesho njoo kazini. Ova."

Kazi aliitaka, tena sana. Akamtazama Telesfori, akabonyeza.

"Ulinifukuza kwa sauti kubwa, mkuu. Niite kwa sauti ile ile. Ova."